UZI: Ploughman's lunch ya watu ishirini, chakula cha baridi kinachoshibisha kweli

Mpishi wa Somerset

Wakuu, heshima kwenu.

Majira ya joto yakikaribia, kwenye magrupu yetu ya Waswahili huku Uingereza linaibuka swali lile lile. Kuna siku ya kulima bustani ya jumuiya, au matembezi ya kanisa, au madrasa inawatoa watoto kwenda mashambani. Watu ishirini na ushee, jiko hakuna, tupike nini? Mara nyingi pilau inapikwa usiku, inafunikwa kwa foili, inakaa barabarani saa mbili, inafika imepoa na mafuta yameganda juu. Wageni wanakula kwa kumheshimu mpishi. Naona tunajitesa bure, maana nchi hii tunayoishi ina chakula ambacho tangu mwanzo ni cha kuliwa baridi, nje, na watu waliotoka kufanya kazi ya mikono. Wanakiita ploughman's lunch, chakula cha mchana cha mkulima wa plau. Mimi ni mpishi kwenye pabu (baa ya Kiingereza) ya kijijini Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, na msimu wa joto ndiyo sahani inayotoka kuliko zote. Naomba nishushe ninachokijua.

Kiini chake ni vitu vitano: jibini gumu lililokomaa, mkate wenye gamba, siagi, vitunguu vidogo vya siki, na achari tamu ya kahawia. Tufaha, nyanya, selari, yai la kuchemsha na nyama baridi vinakuja kusindikiza. Ukipungukiwa na kimoja kati ya hivyo vya kusindikiza, hakuna atakayegundua. Ukikosea jibini au mkate, hakuna kitakachokuokoa, kwa sababu hapa hakuna mchuzi wa kuficha kitu.

Asili yake kwa kifupi. Vibarua wa mashamba ya Uingereza wamekula mkate na jibini kwa karne nyingi. Nyama ilikuwa ghali, wakati jibini lilikaa bila kuharibika na lilibebeka kwenye kitambaa hadi shambani. Jina ndilo jipya. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jibini liliingia kwenye mgao na serikali ikaelekeza maziwa yatengeneze karibu aina moja tu, cheddar ya kiserikali. Watengenezaji wengi wa mashambani walifunga na hawakurudi tena. Mgao ulipokwisha mwaka 1954, watu walikuwa wamezoea kula jibini kidogo. Ndipo taasisi ya kulitangaza, Cheese Bureau, ikaanza kuzishawishi pabu ziuze mkate, jibini na vitunguu vya siki pamoja na bia. Miaka ya 1960 Milk Marketing Board, bodi ya kuuza maziwa, ikalisambaza jina la ploughman's lunch nchi nzima. Wako Waingereza wanaosema basi hiki si chakula cha jadi, ni cha matangazo. Mimi sikubaliani nao. Wakulima walikula hivyo hivyo kabla ya bango lolote kuchapwa.

Nitaendelea na jibini.

Bint Pangani

Nimekaa mkao wa kula, mkuu. Ila swali la haraka. Wageni wangu mimi ni watu wa pwani. Mtu ukimwambia karibu chakula cha mchana halafu akaona mkate na jibini, atajua hiyo ni chai ya saa nne na chakula chenyewe kinakuja. Shibe iko wapi hapo?

Mpishi wa Somerset

Dada Bint Pangani, shibe iko kwenye uzito. Kinachofanya watu wakione kama kitafunwa ni vile vipande vyembamba vya kuwekwa kwenye sandwichi. Gramu 100 za cheddar zina kalori 400 na kidogo. Mpe mgeni gramu 120 za jibini, gramu 150 za mkate na siagi ya kupaka vizuri, tayari umekaribia kalori elfu moja kabla hujagusa yai wala nyama. Hiyo ni sahani ya mtu anayerudi kushika jembe.

Jambo la pili, waambie mapema kwamba ndicho chakula, na waone kimejaa. Sinia likiwa na bonge zima la jibini na mkate mzima ambao haujakatwa, macho yanashiba kwanza. Vipande vilivyopangwa kwenye sahani ya karatasi vinamwambia mgeni kwamba umembania.

Mpishi wa Somerset

JIBINI

Cheddar ni kijiji, kipo hapa hapa Somerset, chini ya korongo kubwa la mawe lenye mapango. Zamani jibini liliwekwa kwenye mapango hayo likomae kwa sababu hewa yake ni ya ubaridi na unyevu usiobadilika badilika. Leo jina hilo linatumika dunia nzima na mtu yeyote anaweza kutengeneza cheddar popote. Kilicholindwa kisheria ni jina refu zaidi, West Country Farmhouse Cheddar, ambalo lazima litoke Somerset, Dorset, Devon au Cornwall.

Aliyeiweka kazi hii kwenye mstari ni Joseph Harding, mkulima wa Marksbury hapa Somerset, katika karne ya 19. Alisisitiza usafi na kupima joto kwa kipimo badala ya kukisia kwa mkono, na mbinu zake zikasambaa hadi ng'ambo. Kazi yenyewe iko hivi: maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa bakteria wa kuchachusha pamoja na kigandishio kinachoitwa reneti. Yakiganda, mgando unakatwa vipande vidogo, unapashwa tena, na maji yake yanachujwa. Halafu ndipo inakuja hatua inayoifanya cheddar iwe cheddar. Mgando unakatwa mabamba, yanapangwa moja juu ya jingine, yanageuzwa na kupangwa upya tena na tena ili uzito wake wenyewe ukamue maji. Mwisho unasagwa, unatiwa chumvi, unabanwa kwenye mashine na kuachwa ukomae.

Kwenye kununua, angalia muda wa kukomaa. Ile laini ya miezi michache ni ya watoto na ya kuyeyusha kwenye mkate. Kwa sahani hii chukua iliyokomaa mwaka mmoja au zaidi. Utaijua ukiimega: haikatiki kama mpira, inapasuka kwa mabonge yenye kingo zisizo sawa, na ukiitafuna unakutana na chembe ndogo zinazolia chini ya meno kama chumvi ya mawe. Zile chembe na yale madoadoa meupe si ukungu, ni fuwele zinazojitengeneza jibini linapozeeka. Nimeona watu wanatupa jibini zuri kabisa kwa sababu hiyo, inauma.

Waislamu, hapa nawaomba msome taratibu. Cheddar za kijadi za hapa kwetu, zile za maziwa mabichi zinazofungwa kitambaa, kama Montgomery's au Westcombe, ni tamu mno. Lakini kwa desturi kitambaa kile hupakwa mafuta ya nguruwe ili kilizibe jibini, na reneti yake huwa ya tumbo la ndama. Ukiandaa kwa watu mchanganyiko, nunua cheddar iliyokomaa ya kawaida ya supamaketi, ile ya bonge lisilo na kitambaa, na hakikisha pakiti inasema inafaa kwa wasiokula nyama. Hapo umejua reneti yake haikutoka kwa mnyama. Hakuna haja ya mgeni kuuliza mezani, wewe uwe umeshauliza dukani.

Kwa watu 20 nunua kilo mbili na nusu kwa jumla. Mimi hugawa hivi: kilo moja na nusu cheddar, nusu kilo Red Leicester, nusu kilo Stilton kwa wanaopenda. Red Leicester ni binamu wa cheddar, laini kidogo, na rangi yake ya machungwa inatokana na mbegu za mzingefuri, zile ambazo Kwale wanaziita bixa. Stilton ni lile lenye mishipa ya buluu. Kwa sheria linatengenezwa mikoa mitatu tu, Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton chenyewe kiko Cambridgeshire, kwa hiyo hakiruhusiwi kulitengeneza kwa jina lake.

La mwisho, litoe jibini kwenye friji saa moja kabla ya kula. Likiwa la baridi kali halina harufu na ladha yake imelala. Likate mabonge, usilikwaruze.

Mjukuu wa Shimba

Kaka, hapo kwenye bixa umenigusa. Mimi ni wa Kwale, nyumbani tuna miti yake. Matunda yana miiba laini kama manyoya, yakikauka yanafunguka yenyewe, na ndani mbegu zimevaa vumbi jekundu. Ukishinda unazipukusa, jioni viganja na kucha ni nyekundu na sabuni haiondoi siku hiyo. Tunapeleka kwa wanunuzi, tunaambiwa ni rangi ya vyakula vya Ulaya, basi. Naishi Leicester mwaka wa ngapi huu na jibini hilo nalipita kila wiki dukani. Kesho nanunua.

Mpishi wa Somerset

Nunua mkuu, na uwaonyeshe watoto. Pakiti itaandika annatto kwenye orodha ya vilivyomo. Sisemi mbegu za shamba lenu ndizo zilizo kwenye kipande utakachoshika, maana zinalimwa pia Amerika ya Kusini, lakini Kenya inauza nje mbegu hizo na Kwale ndiko zinakolimwa sana.

Mama Wawili Leeds

Mleta uzi, maziwa yananisumbua tumbo mimi na mume wangu, chai ya maziwa tu ni balaa. Hii sahani si ndiyo kutuua?

Mpishi wa Somerset

Pole dada. Wengi wetu Waafrika tuna hali hiyo, ni ile sukari ya maziwa, laktosi, ambayo mwili wa mtu mzima hauimeng'enyi. Habari njema ni kwamba cheddar iliyokomaa karibu haina laktosi. Sehemu kubwa inaondoka na maji yanapochujwa, na inayobaki inaliwa na bakteria wakati jibini linakomaa. Anzeni na kipande kidogo nyumbani kabla ya siku yenyewe. Ila kama ni mzio wa protini ya maziwa, hilo ni jambo jingine, msijaribu kabisa.

Mpishi wa Somerset

VITUNGUU

Hapa ndipo wengi wanapopaharakisha. Vya chupa vya dukani vipo, lakini vingi ni vitamu kupita kiasi na vimelegea. Kutengeneza nyumbani ni kazi ya jioni mbili, na inabidi uianze wiki sita kabla ya shughuli. Wiki nne zinatosha ukibanwa, chini ya hapo kitunguu bado kinakung'ata.

Kilo moja ya vitunguu vidogo kabisa, saizi ya kidole gumba. Vimwagie maji yanayochemka, uviache dakika chache, uvitoe uvitie kwenye maji baridi. Ganda litavuka bila kukuliza. Wakati wa kukata, upande wa mizizi kata nywele zile tu na kiache kile kitako, kwa sababu ndicho kinachoshikilia tabaka zote. Kitunguu kisicho na kitako kitafumuka ndani ya chupa. Panga kwenye bakuli, nyunyizia gramu 50 za chumvi, funika, viache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji chini ya bakuli. Maji hayo yangebaki ndani ya kitunguu, yangekuja kuizimua siki yako na kukilegeza. Suuza vizuri, kausha kwa kitambaa safi kimoja kimoja.

Siki tumia lita moja ya siki ya shayiri, ile ya kahawia ambayo Waingereza wanamwagia chipsi. Ukali wake uwe asilimia 5 au zaidi, imeandikwa kwenye chupa. Chemsha na gramu 100 za sukari, kijiko kidogo cha mbegu za haradali, kijiko kidogo cha mbegu za giligilani, pilipili manga nzima kijiko kimoja, na pilipili kavu mbili. Kisha iache ipoe kabisa. Ukimimina siki ya moto vitunguu vinaiva na kulainika, ukimimina iliyopoa vinabaki kulia mdomoni. Chupa zioshe kwa maji ya moto na sabuni, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 140 kwa robo saa. Jaza, hakikisha siki imefunika kila kitu, funga, weka kabatini penye giza. Mtu mmoja mpigie vitatu. Kilo moja inawatosha ishirini.

Ustadh wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Shekhe, siki ya shayiri si inatokana na pombe?

Mpishi wa Somerset

Waalaykum salaam shekhe wangu. Ni kweli shayiri inachachuka kwanza, kisha bakteria wanaigeuza kilevi kuwa tindikali ya siki. Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo hukumu naiacha kwa wenye elimu. Asiyetaka atumie siki ya matufaha au hata nyeupe ya kawaida, vitunguu vitatoka vizuri tu, rangi ndiyo itakuwa hafifu.

Ustadh wa Mji Mkongwe

Barakallahu fik kwa kujibu kwa adabu. Nami nikamilishe kwa faida ya wasomaji. Ipo hadithi sahihi kwa Muslim, Mtume (s.a.w.) alisema kitoweo kizuri ni siki. Na kitu kikishageuka kikawa siki chenyewe, hakilevyi tena, wanachuoni wameruhusu. Mwenye shaka amuulize imamu wa msikiti wake.

Bint Pangani

Na achari? Mimi nina achari ya maembe mabichi ya mama, imetoka Tanga mwezi uliopita. Lazima ninunue hiyo ya kahawia?

Mpishi wa Somerset

Tumia ya mama, tena kwa moyo mkunjufu. Cheddar kali inapenda kitu chenye utamu na uchachu pamoja, na embe linavyo vyote viwili. Waingereza wenyewe wamekula chatne ya embe na jibini tangu enzi za utawala wao India. Punguza tu kuiweka karibu na Stilton, pilipili ya achari yetu inaifunika kabisa.

Ila ningekushauri uweke na chupa moja ya Branston kando, mgeni aonje zote. Imeanza kutengenezwa mwaka 1922 katika kijiji cha Branston karibu na Burton upon Trent, na ndiyo ladha ambayo Mwingereza akifumba macho anaijua. Ni mboga ngumu zilizokatwa vipande vidogo, karoti, koliflawa, vitunguu, kwenye mchuzi wa siki, nyanya, tende na viungo. Mwaka 2004 kiwanda chake cha Bury St Edmunds kiliungua, na watu wakakimbilia madukani kununua za akiba. Vijiko viwili kwa mtu vinatosha.

Mpishi wa Somerset

MKATE NA NYAMA

Mkate wa kukatwa tayari ulio kwenye nailoni, huo uacheni nyumbani. Tunataka gamba ambalo kisu kinalia kikilipasua, na ndani uwe mzito wa kubeba siagi. Kama kuna duka la mkate la kweli karibu, agiza mikate minne ya gramu 800. Ukitaka kuoka, kilo moja ya unga wa ngano wa mikate, mililita 650 za maji ya uvuguvugu, gramu 20 za chumvi, gramu 10 za hamira kavu. Kanda hadi unga uvutike bila kukatika, uache uumuke hadi uwe maradufu, gawa mikate miwili ya duara, uache uumuke tena. Oka nyuzi 220 kwa dakika 35 hadi 40, na chini ya oveni weka karai la maji yanayochemka. Ule mvuke ndio unaoipa ngozi ya juu nafasi ya kutanuka na kisha kuwa gamba. Ugonge chini kwa kidole, ukisikia sauti ya uwazi umeiva. Kwa watu 20 fanya hivyo mara mbili, upate mikate minne. Oka asubuhi ya siku hiyo au jioni ya kuamkia, siku mbili kabla ni mapema mno.

Siagi ya chumvi, nusu kilo hadi gramu 600, itoke kwenye friji pamoja na jibini.

Nyama si lazima. Pabu nyingi zinaweka paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kuchemshwa, au kipande cha pork pie, ile ya Melton Mowbray ambayo nayo jina lake limelindwa tangu 2009. Kwa kundi letu mimi huweka nyama ya ng'ombe. Chukua paja la kilo mbili, paka chumvi, pilipili manga na haradali, choma kwenye oveni siku moja kabla, iache ipoe, ilale kwenye friji. Nyama baridi inakatika nyembamba bila kuvunjika, iliyo moto haikatiki hivyo. Kama kuna wanaokula kitimoto, kiwe na ubao wake, kisu chake na meza yake ya pembeni. Usikiweke kwenye sinia la pamoja ukategemea watu watakwepa.

Mayai, moja kwa kila mtu. Dakika nane au tisa kwenye maji yanayochemka, kisha maji ya barafu. Yakizidi sana, kiini kinazungukwa na ule mduara wa kijani.

Matufaha kumi, ukiyapata ya aina ya Cox ndiyo yenyewe, yanavunwa kuanzia Septemba. Yakate dakika za mwisho, au uyapitishe kwenye maji yenye limau yasibadilike rangi. Nyanya, selari, figili, majani ya saladi, hayo kila mtu anajua.

Kijana wa Njombe

Mkuu, na sisi tulio nyumbani? Jibini la huku linafaa?

Mpishi wa Somerset

Linafaa. Njombe kwenu jibini linatengenezwa siku nyingi. Ulizia lililokaa muda mrefu kuliko yote, lile gumu, usichukue la kufanana na mozarela. Jamaa wa Kenya nao wanapata mazuri ya Limuru. Halitakuwa cheddar ya Somerset, lakini na mkate mzuri na vitunguu vya siki watu watakula.

Mpishi wa Somerset

SIKU YENYEWE

Raha ya chakula hiki ni kwamba saa ya kula ikifika mpishi anakaa na wenzake. Kazi karibu zote zimeisha jana.

Mimi hupanga sinia moja kwa watu wanne, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa na ndivyo mazungumzo yanavyokwenda. Katikati jibini bonge zima na kisu kimechomekwa, mkate pembeni juu ya kitambaa, bakuli dogo la vitunguu, bakuli dogo la achari, siagi, kisha mboga na mayai kujaza nafasi. Kila mtu ana kisahani chake. Mkate usiukate kabla, wa kwanza kukaa ndiye akate.

Safirisha kwenye kasha la barafu. Sheria za usalama wa chakula hapa Uingereza zinataka chakula cha baridi kikae nyuzi 8 au chini yake, na kikishatolewa kuandaliwa kisizidi saa nne nje, na iwe mara moja tu. Nyama na mayai yaliyobaki baada ya hapo yatupwe. Kwa shughuli ya jumuiya, andika karatasi uibandike mezani: ngano, maziwa, mayai, haradali, selari, na siki ya shayiri. Vyote hivyo vina vitu ambavyo sheria inavihesabu miongoni mwa mizio 14, na mtu mwenye mzio wa selari hawezi kuhisi kwamba imo kwenye saladi yako. Wajawazito wawekee jibini gumu la maziwa yaliyochemshwa viwandani, na wajiepushe na yale malaini yenye ukungu mweupe kama Brie.

Vinywaji, wenyewe wanakunywa bia chungu ya kahawia au saida, yaani pombe ya matufaha, ambayo Somerset ndiko kwake. Kwenye meza yetu huwa ni juisi ya matufaha ile isiyo angavu, soda ya tangawizi, na chupa ya chai ya moto kwa wazee. Hiyo chai msiisahau. Wageni wa kwetu wakishapata kitu kimoja cha moto, kile cha baridi wanakifurahia zaidi.

Mama Wawili Leeds

Uzi umenyooka. Nimeshahesabu, sisi tutakuwa 32. Na mabaki tunayafanyaje? Jibini ni ghali kutupa.

Mpishi wa Somerset

Kwa 32 zidisha kila kipimo nilichotoa cha watu 20 kwa moja nukta sita (1.6), na vitunguu vianze wiki hii.

Jibini ambalo limekaa nje chini ya zile saa nne lifunge kwenye karatasi ya kuokea, halafu ndani ya kopo, lirudi kwenye friji. Nailoni inalibana linatoa jasho na kuota ukungu haraka. Vipande vidogo vikwaruze, vigandishe, vitatumika kwenye makaroni au juu ya viazi vya oveni. Mkate uliokauka usage uwe chenga. Vitunguu vilivyobaki ndani ya chupa vinakaa miezi. Vikiisha, ile siki usiimwage. Ina haradali, giligilani na pilipili tayari, kijiko kimoja kwenye kachumbari kinatosha bila ndimu.